Nguruwe Aliyefunga Kilemba

Nguruwe pori niliyemwona jioni ile alikuwa amefunga kilemba.

Msinicheke. Bunduki ilikuwa imeshamlenga, na kidole kilichokuwa kwenye triga hakikuwa changu.

Nianzie dukani, maana hasira zangu zilianzia huko.

Mimi ni mjane. Kabla ya kulima nilikuwa askari wa wanyamapori miaka kumi na miwili. Msimu ule viazi vyangu vilikuwa vinafukuliwa kila wiki. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaapa ni nguruwe pori. Kwa kuwa kweli walikuwa wakila mahindi ya majirani, nikaamini.

Kikundi chetu cha wakulima kikapata kibali cha kuwawinda, zamu zianze Jumamosi. Ijumaa tukatumwa mjini, mimi na shemeji, kununua darubini ya kufunga kwenye bunduki ya kikundi, nayo tukaibeba.

Muuzaji hata hakunitazama. Nauliza mimi, anajibiwa shemeji.

Nikawaeleza taratibu. Nguruwe hutoka mwanga ukiwa unaisha, kwa hiyo tunataka lenzi ya mbele iliyo pana na ukuzaji mdogo. Gawa upana wa lenzi kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Lenzi ya milimita hamsini na sita, ukuzaji mara nane, jibu ni saba. Jicho la binadamu gizani halihitaji zaidi ya hapo.

Shemeji alikuwa ameshakumbatia nyingine, ndefu kama pampu ya baiskeli. Lenzi arobaini, inakuza mara ishirini na nne. Nikamwambia hiyo haifiki hata milimita mbili, jioni ataona giza lililokuzwa, basi.

Wakatazamana na muuzaji, wakacheka.

"Shemeji, haya mambo tuachie wanaume."

Nikanyamaza.  Mpaka leo ukimya ule unaniuma.

Akainunua. Fundi wa duka akaifunga, akairekebisha, tukaondoka.

Njia ya kutoka stendi inapita kwenye shamba langu. Jua lilikuwa limeshazama, umebaki ule mwanga wa kijivu. Jamaa ana kiherehere cha kujaribu mtambo wake, akasema tukae kidogo ukingoni, huenda bahati ikaja.

Hatukukaa sana. Kitu cheusi kikainama katikati ya matuta.

Shemeji akaweka jicho.

"Dume hilo," akanong'ona.

Nikatoa darubini yangu ya mkononi, kuukuu, ya enzi za kazi. Inakuza mara saba tu.

Nikaona kilemba.

Nikaona mkono unatia kiazi kwenye gunia.

 Niliupiga mtutu kwa bega, ukaenda juu, risasi ikalia. Kule matutani likatoka yowe, na sauti ile tuliijua wote wawili.

Alikuwa mke wake.

Tukamkuta amekaa chini, magunia mawili yamejaa kando yake. Nikamuuliza kwa nini ananiibia.  Alimgeukia mumewe.

"Jana mvua ilinizuia. Si wewe uliyesema nimalize haya matuta kabla zamu zenu hazijaanza?"

Nikahisi masikio yanazibuka.

Kumbe msimu mzima nguruwe wangu alikuwa anakula mezani kwa shemeji. Ananipa pole asubuhi, anamtuma mkewe jioni. Nikamgeukia, nikidhani ataomba radhi, angalau kwa mke ambaye nusura amtoboe kwa risasi.

"Shamba la kaka yangu ni langu," akasema.

Niliichukua bunduki mikononi mwake, nikazitoa risasi zilizobaki, nikaibeba moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti wa kikundi. 

Kikundi kilimfukuza. Mkewe aliyarudisha magunia mwenyewe, kisha akaenda kwao na hajarudi. Dukani nikaenda peke yangu kubadilisha ile pampu. Muuzaji akauliza nimekuja na nani. Nikamwambia nimekuja na hesabu.

Wewe unayetafuta darubini ya kuwindia jioni, usiulize kwanza inakuza mara ngapi. Uliza inakufikishia mwanga kiasi gani. Na kama hujakijua unachokilenga, kidole kikae mbali na triga. Na ukiwa unajua jambo, liseme, hata wakikucheka.

Shemeji bado anazunguka mtaani akidai darubini ndiyo iliyomponza.

Darubini haikumtuma mtu shambani kwangu.