Bambo ofisini

Juzi nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii hapa Tunduma, nasubiri zamu yangu. Baba mmoja wa Mbozi akaingiza gunia la mahindi: matunzo ya mtoto wake, maana pesa alisema hana.

Mama wa mtoto, mfanyabiashara wa nafaka, hata hakumsalimia. Alichomoa bambo kwenye mkoba, kile chuma cha kuchomea magunia kuona kilichofichwa ndani. Akachoma juu, katikati, chini. Kote zilitoka punje nyeupe, kavu. Akatafuna moja.

“Mazuri,” akamwambia ofisa, uso kaukunja. “Mazuri mno.”

“Sasa kosa langu nini, mama mtoto? Ndiyo yote niliyovuna.”

“Mwenye gunia moja haleti zuri hivi. Huyu anayo mengine.”

Nilimwonea huruma yule baba. Yangekuwa mabovu, angeitwa mwongo. Yamekuwa mazuri, kaitwa tajiri.

Nilipotoka nje nikalikuta guta lililomleta. Limejaa magunia. Baba, aliyesimama kando yake, akaniona nikiyatazama.

“Hayo ya shemeji,” akasema, wala sikuwa nimemuuliza.

Labda. Bambo la kumchoma shemeji bado halijatengenezwa.