Aliyeonja Dafu Kwanza

Tangu warudi kutoka Mombasa, majirani wa Kalembe hawakuchoka kumwomba Athanasie awasimulie bahari. Naye hakuchoka kusimulia. Alianza na feri, akaja kwenye ngome ya kale, akapita kwenye yale meno makubwa ya tembo yaliyosimama juu ya barabara, na kila mara, hata aanzie wapi, aliishia kwa muuza madafu. Hapo Kabera, mumewe, alichukua jembe akatoka, akisema anakwenda kuangalia maharagwe. Hakuna maharagwe yaliyoangaliwa kiasi kile katika milima ya Masisi na Walikale, huko Kongo.

Safari ilikuwa zawadi ya binti yao Fifi na mumewe Yves, kijana anayeshughulikia mizigo ya wafanyabiashara wa Kongo huko bandarini. Yves alilipa basi, akalipa chumba chenye dirisha la kutazama maji, akalipa hata samaki. Kabera alikula samaki wa mkwe wake akiona miiba tu.

Lakini samaki si kitu. Kilichomuuma kilitokana na namna watu wa milima ile walivyokuwa wakinywa zamani, kabla vita havijafyeka migomba. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilikaa katika kibuyu. Aliyekukaribisha alivuta kwanza kwa mrija mbele ya macho yako, akameza, ndipo akakupa. Alikuwa anakuambia bila maneno kwamba hamna sumu, na kama imo, atangulie yeye. Siku hizi watu hupeana soda zilizofungwa kiwandani, kila mtu na chupa yake, kila mtu na simu yake, na huo wanauita ukarimu.

Kule kwao juu ya Kashuga, kila Jumapili baada ya misa, Kabera alimwonjea mkewe. Kisha migomba ikaenda, nyumba ikaenda, wakalala kambini chini ya turubai, wakaishia Kalembe kwenye shamba la kukodi. Kibuyu kilipasuka njiani, na Kabera hakutafuta kingine. Athanasie hakuuliza, na Kabera akadhani mkewe amesahau.

Siku waliyofika Mombasa walishuka ufukweni. Athanasie alikunja kitenge chake, akaingia majini hadi magotini, akachota maji kwa kiganja.

"Papa Fifi, kuya uonje kwanza. Banasema iko chumvi yote hii."

"Mimi si mutoto wa kuonja maji bantu banaoga," Kabera akajibu. "Onja weye mwenyewe."

Akaonja mwenyewe, akatema, akacheka. Kicheko kilikuwa kifupi.

Kesho yake Yves aliwapeleka kwenye mnara wa taa, jua likiwa kali la kupasua kichwa. Watu waliovaa vizuri walikuwa wakinunua mihogo ya kuchoma iliyopakwa pilipili na ndimu, wakiishika kwa ncha za vidole kama kitu cha thamani. Kabera aliitazama mihogo ile kwa uchungu. Ya kwake aliwabembeleza wachuuzi waichukue. Kumbe hata muhogo, ukitaka heshima, uzaliwe pwani!

Pembeni alisimama muuza madafu, mzee wa kofia nyeupe, mrefu, ndevu zake nadhifu, meno yote kinywani. Kabera alipitisha ulimi kwenye mapengo yake mwenyewe. Mzee alichonga dafu kwa panga, akachomeka mrija, akamnyooshea Athanasie. Athanasie hakulipokea.

"Onja kwanza, Papa," akamwambia yule mzee.

"Nionje mimi? Dafu lako?"

"Kwetu muntu mwenye anapana njo anaonja."

Vijana waliokaa ukutani wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliweka panga chini, akafuta midomo, akavuta, akameza.

"Salama, mamangu. Ngoja nikupe mrija mwingine."

"Hapana. Huu huu."

"Mzee, leo umepata jiko!" kijana mmoja akapiga mbinja.

"Na mwenye mali ndiye yule aliyenuna!" akadakia mwenziwe.

"Nyamazeni, watu wasio na mila," mzee akawaambia.

Kabera angesema maneno hayo hayo, na kwa sababu hiyo yalimchoma zaidi. Athanasie alikunywa mpaka tone la mwisho, macho ameyafumba. Uso ule Kabera alikuwa hajauona tangu juu ya Kashuga.

Chumbani akalipuka. "Umekunywa mate ya mwanaume! Mbele ya mukwe wetu!"

"Nilikunywa dafu."

"Ulimwomba aonje!"

"Nilikuomba weye kwanza, kule kwa maji." Athanasie alikuwa akikunja kitenge, hakugeuka. "Ule muzee hata jina yangu haijue, Papa Fifi. Lakini alionja."

Kuonja ni haki ya anayetoa, na Kabera tangu Goma hadi baharini hakuwa ametoa kitu.

Basi wakarudi Kalembe, na kwa kila jirani aliyesimuliwa yule mzee alizidi kurefuka, ndevu zikazidi kuwa nyeupe. Asubuhi moja Kabera alichukua jembe, akayapita maharagwe, akaenda mpaka Mpofi kwa rafiki yake Albert, aliyebakiwa na migomba. Akavua shati jipya alilonunuliwa na Yves, akamwachia Albert, akarudi kifua wazi na mikungu kichwani, na kibuyu kikuukuu kiunoni. Akazika ndizi zikaiva, akazikamua kwa majani kama baba yake, akatia unga wa mtama wa kukaanga. Hakuna kijana aliyesogea kuuliza inafanywaje. Kipimo cha mtama kilikuwa kimemtoka kichwani, akakisia.

Jumapili baada ya misa majirani walikuwepo uani. Kabera akasimama mbele ya mkewe na kibuyu. Akavuta. Ilikuwa kali ya kukunja uso, lakini hakuukunja. Akameza, akampa.

Athanasie hakufuta mrija. Alivuta kwa muda mrefu.

"Iko namna gani, Mama Fifi?" akauliza jirani yao Umuhoza.

"Iko chachu." Akapangusa midomo kwa kiganja. "Ile ya Mombasa ilikuwa tamu kupita hii."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kabera akanyoosha mkono kukichukua kibuyu chake. Athanasie akakihamishia upande wa pili, mbali na mkono ule, akainamia mrija tena.