Kamba ya Kisima cha Mbwawa

Kosa la kwanza katika kumsimulia Laurean ni kumdhania mtu wa majivuno. Nami nilianza nalo. Kila jioni, akitoka ofisini Kisarawe, alipitia jimu ya Kibaha, akanyanyua vyuma vyepesi mara nyingi, mpaka kifua kikavimba na shati likambana. Kumbe aliogopa. Dotto, mwalimu wake wa mazoezi, alikwishamwambia bila kumficha: "Kaka, hapa unajenga mwili. Nguvu ni habari nyingine. Beba kizito, mara chache, upumzike sana." Laurean alikijaribu hicho kizito siku moja, kikamlalia kifuani mpaka Dotto akamwondolea. Tangu hapo aliihofu siku ambayo mtu angeuamini mwili wake.

Siku hiyo ilimfuata uani kwake, Mbwawa. Halidi, fundi wa visima kutoka Vihingo, alijifunga kamba kiunoni ili ashuke kuondoa tope, akikanyaga vidato vilivyochongwa ukutani mwa kisima.

"Kamba ashike baunsa," alisema, akimwashiria Laurean kwa kidevu.

Ponsiano, mpakiaji wa magunia pale Mlandizi aliyekuja kumsaidia fundi, akacheka. "Huo mwili wa kupigia picha, fundi. Nipe mimi."

"Wewe vuta ndoo."

Laurean alitaka kukataa. Aibu ikamfunga mdomo. Akaizungusha kamba mgongoni, akakita miguu. Ndoo ya kwanza ilipotoka, Ponsiano akaenda kuimwaga migombani. Ndipo kidato kilipomeguka.

Uzito wote wa Halidi ukamjia mikononi. Kamba ikateleza, ikamchuna viganja. Ile mikono minene, iliyojaza mashati, ikaishiwa nguvu, na vidole vikawa vinafunguka vyenyewe. Akaita. Kilichorudi ni mlio wa udongo ukidondoka majini. Akajitupa chali, visigino vikachimba ardhi, akailalia kamba kwa mgongo mzima, machozi yakimtoka, akingoja kishindo cha mtu kuanguka.

"Nimepata pa kukanyaga," sauti ya Halidi ikapanda kutoka kisimani. "Usilegeze, bosi."

Hakulegeza, hata Ponsiano aliporudi mbio na kumvuta fundi nje. Ilibidi wamkunjue Laurean vidole kimoja kimoja.

Baadaye sana ndipo Halidi alipomweleza. Katika kisima kilichotangulia, Ponsiano ndiye aliyeshika kamba, na katikati ya kazi aliachia mkono mmoja apokee simu. Kwa hiyo siku ile Halidi aliwatazama wote wawili, akaona magoti ya Laurean yanagongana kwa hofu, akamchagua yeye.