Ndoo ya Rozela

Bhoke alipomwona kaka yake, Heche, akisimama mara tatu kwenye kilima kifupi cha Nkende, mkono kifuani, aliachia mwiko ndani ya sufuria ya maua ya rozela aliyokuwa akichemshia juisi.

"Shikamoo, kaka. Mbona unahema hivyo?"

"Marahaba. Uzee huo. Nimiminie dawa yangu."

Dawa! Neno hilo lilimshtua Bhoke. Miezi miwili nyuma, bwana lishe aliwaeleza akina mama wauza juisi kwamba rangi nyekundu ya rozela ikifika tumboni huvunjwavunjwa, na kwamba wataalamu wanavichunguza vipande vyake, huenda vikazuia mafuta kuganda ndani ya mishipa ya damu. "Huenda," alirudia, "bado ni utafiti." Bhoke alirudi nyumbani na habari yote isipokuwa ile huenda. Kesho yake ndoo yake ya juisi ilikuwa na maandishi ya chaki: INAZIBUA MISHIPA. Wateja wakaongezeka. Heche, ambaye hospitali walimkuta na mshipa wa moyo uliobana, akawa anatoka kijijini Susuni kila Jumamosi kuja kunywa.

"Kaka, vidonge unameza?"

Heche alicheka. "Vya nini tena? Nilimpa jirani yangu Nyangwine, naye analalamika kifua. Wiki ya tatu sijagusa hata kimoja. Si uliandika mwenyewe?"

"Niliandika nisichokijua."

"Aa, sema umechoka kunipa juisi ya bure!"

"Sikutanii, kaka. Yule bwana alisema huenda. Mimi nikaliacha neno lake hukohuko."

Heche aliitazama ndoo, kisha akamtazama dada yake. Kicheko kikamwisha. Upepo ulikuwa wa baridi, lakini jasho lilimtoka usoni.

"Basi umeniua, Bhoke," alisema, bila hasira.

Bhoke alifuta yale maandishi kwa upindo wa kanga, akaita bodaboda. Njia nzima alimshikilia kaka yake kutoka nyuma, akisikia mbavu zake zikipanda na kushuka kwa shida.

Hospitalini, daktari, binti wa umri wa kuwa mtoto wao, alisoma kadi, akaambiwa habari ya vidonge, akakunja uso. "Mzee, nani alikwambia uache dawa?"

Heche aliinamisha kichwa. Hakutaka kumtaja dada yake.

"Ni mimi," alisema Bhoke, viganja vyake bado vyekundu kwa rozela. "Na kuna mwingine Susuni anameza dawa zisizo zake. Daktari, kaka yangu atapona?"

Daktari alikuwa ameshainama, akisikiliza kifua cha Heche.