Kanga Zilizorudi

Asubuhi ya mwisho Mwanakhamis alikaanga maandazi huku akiulaumu unga. Unga wa Guangzhou, alisema, hauna adabu. Unaukanda mpaka mkono unaingia ganzi, wenyewe unakutazama tu. Mumewe, Hafidh, alikula manne. Simu ya mke ilikuwa katikati ya meza, baina ya birika na sahani, kioo juu.

"Kanada saa hizi jioni," Hafidh alisema.

"Jioni ndiyo watu hupigia mama zao."

Mwanakhamis akavaa viatu, akachukua mkoba wake wa sampuli. Mlangoni akageuka. "Baba Swalha, vikombe usiviguse. Vimebaki vitatu."

Akaenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa. Kabla ya adhuhuri alianguka baina ya majora ya satini. Mama wa Kichina mwenye duka, aliyevutana naye bei miaka kumi na miwili, alimlaza kwenye mkokoteni wa mizigo, akausukuma mwenyewe mpaka barabarani, analia. Hospitali walipokea maiti.

Simu haikulia. Siku hiyo ilikuwa ya kumi na tisa mtoto wao hajasema naye.

Na Mwanakhamis hakuwa mtu wa kununiwa. Alitoka Unguja miaka ishirini na mbili nyuma, Kichina chake chote ni kusema hapana. Neno hilo lilimtosha. Wachuuzi wa Dar walimtumia picha ya kitambaa, yeye akakitafuta kwa vidole. Alifumba macho, akasugua, akasema: "Hiki kikifuliwa mara mbili kinakuwa utando wa buibui." Hakukosea. Ijumaa alipika sufuria kubwa ya wali kwa wanafunzi, Waislamu kwa Wakristo. Judica, binti wa Moshi anayesomea udaktari, alizoea kumtania: "Bi Mwana, mimi nitarudi nyumbani na shahada na kitambi." Naye humjibu: "Shahada watakuomba uioneshe. Kitambi wataamini tu."

Mtoto walikuwa naye mmoja, Swalha. Alikwenda Kanada kusoma, akaolewa huko, akakaa. Mwaka huu akagombea udiwani katika mji mmoja ulioshikana na Toronto. Hafidh alipowapa habari wenzake mkahawani, kifua mbele, Dullah wa Kariakoo aliuliza jambo moja tu.

"Ana kanga?"

"Kanga za nini?"

"Mzee wangu, mgombea asiye na kanga huyo hagombei. Huyo anaomba kazi ya ulinzi."

Mkahawa mzima ukacheka. Hafidh hakucheka. Tangu ujana wake hajaona kura bila kanga, wala bila kofia.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe. Mwanakhamis alilipenda wazo hilo, uso ukamng'aa, ila akauliza: "Mwenyewe umemwuliza?"

"Nitamwuliza."

Akamwuliza kweli, maana kusoma hajui lakini kutuma sauti anaweza. Jibu lilimkuta kiwandani alikokwenda kuulizia bei ya kanga, mbele ya mashine ya kupiga chapa. Swalha alisema: "Baba, nakuomba, msitume kitu. Sheria ya huku haikubali mchango wa mtu wa nje, hata kitambaa cha mkononi." Hafidh akatabasamu. Mtoto amelelewa, alijisemea. Kwao mgeni mwenye njaa husema nimeshiba, na mwenyeji hangoji, humwongezea. Akaifuta ile sauti.

"Amesemaje?" Mwanakhamis alimwuliza jioni.

"Ameridhia. Amefurahi mno."

Basi Mwanakhamis akatunga jina la kanga, *Mwana wetu ni mwana wenu*, chini yake jina la Swalha, akachagua rangi, akairudisha chapa mara mbili kwa sababu nyekundu ilichuja. Doti mia mbili zikaenda kwa ndege, si kwa Swalha, bali kwa Bi Nahla, rafiki yao wa zamani aliyekaa mji ule. Bi Nahla akazigawa kwa wanawake, mlango kwa mlango, na salamu za mama wa mgombea.

Wiki mbili kabla ya kura picha ilitoka: vizee wamejipanga kwenye ngazi, wamejitanda jina la Swalha. Mpinzani wake akaionesha mbele za watu. Mchango wa ng'ambo, alisema, na zawadi kwa wapiga kura. Swalha akaanza kuzunguka. Milango ile ile aliyoigonga kuomba kura, aliigonga tena kuomba kanga zirudi. Wengine walimpa zimeshafuliwa, zimekunjwa vizuri.

Akawapigia wazazi wake, sauti imepasuka. "Nilisema msitume! Nani kati yenu alituma?"

Mwanakhamis alimtazama mumewe usoni, akaona yote.

"Ni mimi, mwanangu," alisema.

Swalha akakata simu. Kura zilipopigwa, akashindwa. Mama yake alimpigia kila siku. Hakupokea.

Hafidh angeweza kusema. Siku kumi na tisa alikunywa chai mbele ya mwanamke anayetazama simu, asiseme.

Swalha aliingia Guangzhou siku ya tatu, mama yake ameshazikwa. Katika mizigo yake alikuwa na kanga moja tu ya zile. Akajitanda, akakaa mkekani alipokuwa akikaa mama yake. Judica alikuwa jikoni anaosha vile vikombe vitatu, polepole.

"Baba, nilikuwa namtia adabu," Swalha alisema. "Nilijiambia, Jumapili nitampigia. Mama yangu amekufa nimemnunia kwa vitambaa."

Hafidh aliitazama ile nyekundu isiyochuja. Akaona akinyamaza leo, mtoto huyu ataubeba mzigo wake mpaka uzee.

"Ile sauti yako niliisikia mimi peke yangu," alisema. "Niliifuta. Mama yako nilimwambia umeridhia. Yeye hakujua kitu."

Jikoni maji yakafungwa.

"Alijua lini?"

"Ulipouliza. Alinitazama tu, akajua."

"Na wewe siku zote hizo hukunipigia?"

"Niliona haya. Kisha nikaona haya kwa kuona haya."

Swalha hakulia wala hakumsogelea. Alikaza kanga mabegani.

"Yeye alisemaje, nilipokata?"

Hafidh angeweza kulifupisha neno la marehemu. Alilitoa lote, kama lilivyotoka kinywani mwa Mwanakhamis siku ile, amesimama na birika mkononi:

"Baba Swalha, mwache aninunie mimi. Mimi nimemzaa, atanirudia, wiki hii au ijayo. Wewe ukimpoteza hujui njia ya kumrudia, hata namba yake mpaka nikutafutie mimi. Lakini siku atakayopiga, utamwambia kweli kwa mdomo wako, na mimi nitakaa hapa hapa, nisikie."