Nilimwachia Divine kazi ya mkono wangu, maziwa yote yakaharibika

Wakuu, salamu kutoka Bujumbura. Unayesoma kazini ukimficha chef wako simu, unayesoma ukibembeleza mtoto, wote nawasalimu.

Hii ni yangu mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Majina nimebadilisha, mengine ni vile yalivyokuwa. Nilitaka kuandika hasira zikiisha, lakini haziishi. Basi naandika nazo.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, huku Zone Industrielle. Tunatengeneza yaourt, maziwa ya mgando. Shule yangu iliishia sekondari, niliingia pale kuosha ndoo. Leo mimi ndiye chef wa production, mkuu wa uzalishaji, watu watano wako chini yangu. Sikupewa na shemeji wala na mjomba. Nimefika kwa kazi.

Niwaelezee kidogo ili tuende pamoja.

Maziwa yanafika asubuhi. Tunayachemsha, tunaweka masufuria kwenye maji baridi yapoe, halafu mchana tunamwaga ferment, ule unga unaoyagandisha. Hapo kwenye kupoa ndipo kazi yote ilipo. Ukimwaga maziwa yakiwa na moto mwingi, ferment inakufa. Yakipoa kupita kiasi, inalala tu.

Mimi nilikuwa napima kwa mkono.

Nadondosha tone hapa ndani ya kifundo cha mkono, nasikilizia, najua. Kipimajoto kilikuwepo, kimening'inia ukutani na vumbi lake. Miaka yote mkono wangu haukukosea. Watu walikuwa wanasema, "Chef ana mkono." Tusidanganyane wakuu, hiyo sifa nilikuwa naila kama chakula.

Halafu nikazaa.

Niliporudi kutoka likizo nikawa na saa yangu ya kunyonyesha, haki ya kila mama kazini. Natoka saa tisa, wenzangu wanatoka saa kumi. Sasa maziwa hayajui haki ya mtu. Mara nyingi yanafikia joto lake kwenye saa tisa na nusu.

Siku ya kwanza tu directeur akaniita.

"Félicitations, hongera kwa mutoto. Lakini chef mwenye kutoka mbele ya maziwa kuwa tayari, huyo si chef. Tafuta namna, ama natafuta mutu mwingine."

Ana watoto watano yule mzee. Sijui anadhani walinyonya kwenye chupa za nani.

Wiki ya kwanza nilibaki hadi saa kumi, mara saa kumi na moja. Mtoto yuko Kamenge kwa wifi yangu analia hadi sauti inakauka, na mimi niko kiwandani blauzi imelowa kifuani nimefunga kitenge juu yake. Wifi akaniambia bila kuzunguka: "We, huyu mutoto ni wa ndugu yangu, lakini maziwa ni yako. Uje."

Ndipo nikasema sawa, nitamwachia mtu kazi.

Nikamchagua Divine. Binti mwepesi wa kazi, msafi, hachelewi, ana miaka ishirini na mbili. Nikamwambia, "Kuanzia leo ferment ni yako."

Yake wapi! Nikifika tu nyumbani, mtoto kwenye ziwa, simu sikioni. Umefikia wapi? Yamepoa? Usimwage kwanza. Yanafuka mvuke? Mvuke wa namna gani? Mtoto ananyonya akistuka na kelele zangu. Divine naye akazoea, hagusi kitu bila kunipigia.

Siku moja nikachoka. Tulikuwa na commande, oda kubwa ya sherehe ya dot, kutoa mahari, huko Mutanga Nord, masufuria yote yamejaa. Divine akaniuliza mlangoni, mimi nishabeba mkoba:

"Chef, leo nitajuaje?"

Nikamjibu nikitembea. "Divine, si umeniona kila siku? Yakiwa kama maji ya kuogesha mutoto, mwaga. Na usinipigie."

Nikazima simu. Nilijisifu hata. Nikasema leo nimekuwa chef wa kweli, nimegawa kazi.

Asubuhi nafungua frigo, nainamisha ndoo ya kwanza, maziwa yanacheza kama maji. Ya pili vilevile. Ya tatu sikuifungua, niliitikisa tu nikasikia.

Kijana wa zamu ya jioni aliyeyatoa chumba cha joto, yanakogandia, na kuyaingiza frigo hakuona kitu. Na asingeona, kwa sababu mimi mwenyewe nilishamkataza kufungua ndoo. Nilitaka nifungue mimi.

Niliwaka. Nilimsema Divine mbele ya wote, maneno ambayo nisingependa mtu amwambie mwanangu. Divine akangoja niishiwe pumzi. Halafu akasema polepole:

"Chef, ulisema maji ya kuogesha mutoto. Mi niko na mutoto wapi?"

"Si ungeuliza!"

"Ulisema nisikupigie. Niliuliza Mama Shabani."

Mama Shabani ni mama wa Buyenzi, mkubwa wetu kiumri, ndiye anafunga vifuniko. Akaweka mikono kiunoni.

"Ndiyo, aliniuliza. Nikamwambia mutoto anaogeshwa na maji ya moto, kabisa ya moto, mifupa ishike. Mi nimeogesha saba hivyo. We wa kwako unamuogesha na maji gani, ya mto?"

Mtu akacheka nyuma. Mimi sikucheka. 

Kumwaga maziwa kwetu si kitu cha mchezo, mnajua. Hata mtoto anafundishwa kwamba ni mwiko. Ikaja pikipiki ya mwenye nguruwe ikabeba ndoo baada ya ndoo. Mama Shabani aliingia ndani asione. Wenye sherehe walipelekewa yaourt ya washindani wetu, tuliyoifuata wenyewe tukiwa tumeinamisha vichwa.

Mchana directeur akanipa karatasi. Demande d'explication, ile barua ya kujieleza ambayo ikiingia kwenye dosiye yako, faili la kazi, haitoki. Siku mbili niwe nimejibu.

Akaongeza, kama anayenisaidia: "Uandike vizuri nani alimwaga. Kama ni huyo binti, anaenda, we unabaki."

Wakuu, nilifurahi. Niseme ukweli: nilifurahi. Nilitoka pale nikiwa na sentensi ya kwanza kichwani.

Nyumbani, mtoto amelala mapajani, nikaanza kuandika kwa Kifaransa changu cha sekondari. Nikaandika kwamba Divine hakufuata maelekezo. Nikaona niyaweke hayo maelekezo, ili directeur aone alivyokosea. Nikaandika: nilimwambia asubiri maziwa yafike digrii...

Digrii ngapi?

Kalamu ikasimama. Sikujua. Mimi chef, mwenye mkono, namba sikuijua! Sikuwahi kumpa mtu namba kwa sababu hata mimi sikuwa nayo. Nilimpa Divine ndoo na lawama. Kujua nilibaki nako kwenye kifundo cha mkono, nikaondoka nako saa tisa.

Ile karatasi niliichana.

Kesho yake nikakitoa kipimajoto ukutani, nikakiosha, nikamwita Divine. Maziwa yakipoa napima kwa mkono, nasema "sasa". Yeye anasoma. Sufuria la kwanza, arobaini na nne. La pili, arobaini na nne. La tatu mkono wangu ulisema "sasa", Divine akasema arobaini na saba. Nikarudia, ni kweli.

Yaani hata huo mkono niliokuwa naringia, siku nyingine ulikuwa unabahatisha.

Nikajibu barua kwa mistari mitano. Nilitoa kazi bila kuifundisha. Divine alifanya alichoelewa. Kosa ni langu. Na chini nikaandika namba.

Directeur alisoma mara mbili. "Unajua hii inabaki kwa dosiye yako?"

"Najua."

"Na unatoka saa tisa bado?"

"Saa tisa kamili."

Alinitazama. Nilimtazama. Hasira niliyokuwa nayo ingechemsha lita mia, lakini sauti yangu ilitoka imetulia, hadi leo nashangaa. Alisema ananipa mwezi mmoja, akiona ndoo moja imeharibika nakwenda kuosha ndoo tena.

Divine nilimpa kipimajoto, nikampa na kauli. Nilisema mbele ya wote: kuanzia saa nane, ferment haimwagwi bila Divine kusema. Si mimi, si directeur. Jambo likimzidi, anipigie. Mengine aamue, na akikosea tutakosea wote. Yule kijana wa jioni nikamwambia afungue ndoo moja kila siku aangalie.

Sasa kilichonifanya niandike leo.

Juzi, ule mwezi niliopewa umebaki siku chache uishe. Maziwa yalichelewa kufika, gari la kubeba yaourt ya jana liko nje linapiga honi tulipakie, na mimi saa yangu imefika. Nikadondosha tone kwenye kifundo. Tayari. Nikashika ferment.

Divine akaweka mkono juu ya sufuria.

"Apana chef. Bado. Arobaini na nane."

"Divine, nimeanza kazi hii we uko shuleni."

"Ni kweli chef. Arobaini na nane."

 Mama Shabani ameshika kifuniko hakifungi. Damu ilinipanda hadi masikioni, siwadanganyi. Kuambiwa apana na mtu uliyempa wewe mwenyewe nguvu ya kusema apana, inauma.

Nikaweka ferment chini. Nikavua aproni, nikachukua mkoba.

"Uko na haki," nikamwambia. Nikatoka. Dereva wa honi nikamwambia asubiri.

Nyumbani nilinyonyesha mtoto upande mmoja, nikamgeuza upande wa pili, akashiba akalala mdomo wazi. Simu iko pembeni kimya. Niliiwasha skrini nikiona labda imezima. Haikuzima. Hakuna aliyenihitaji.

Asubuhi niliinamisha ndoo. Yaourt haikutikisika.

Nilichojifunza nitasema bila kupamba: ukimpa mtu kazi ukabaki na kile kinachofanya kazi iende, hujampa kitu. Umemtegea. Na siku akikukatalia kwa haki, hapo ndipo ujue umempa kweli.

Directeur bado hajasema kitu. Na ile kauli yake kuhusu mama anayenyonyesha, sijamsamehe, asitegemee.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani hapa amewahi kuachiwa kazi nusu, akalaumiwa nzima? Na nyinyi machef, semeni ukweli: ni kitu gani mnakificha kwenye mkono? Mama Shabani hayuko humu, ila swali lake la maji ya kuogesha mtoto nalo mnaweza kulijibu, maana kiwandani hatujakubaliana mpaka leo.