Kikwembe chenye uso wa mjomba

Juzi nilirudi Bunia kwa lori kutoka Kisangani, vumbi limenijaa hadi kwenye meno, nikamwona mama muuza samaki amekalia kikwembe chakavu, kitenge cha kampeni. Uso uliochapwa pale ulikuwa wa mjomba wangu.

Nikamkumbuka nyanya, mama yake. Mchana ule mjomba alipoomba ubunge wa jimbo, nyanya alivaa kikwembe kama hicho, kipya, na fundi alikuwa ameushona uso wa mwanawe pale pa kukalia. Basi nyanya akasimama mkutano mzima, juani, katikati ya harufu ya samaki wakavu na kelele za pikipiki. Mimi, bado mtoto, niliamini kwamba akiketi, mjomba atakosa pumzi na kushindwa.

“Mama, ikala basi!” mjomba aliita kwenye kipaza sauti.

“Nitakukalia ku sura namna gani, mutoto yangu?”

Watu walicheka, kisha wote wakasimama pamoja naye. Mjomba alichaguliwa, akaenda zake bungeni, na hatukumwona tena mpaka kura zilizofuata. Safari hiyo alishindwa.

Siku nilipohamia Kisangani, nyanya alinisindikiza na kikwembe kilekile. Alitafuta jiwe kando ya lori, akaketi barabara juu ya uso wa mjomba.

“Ile siku nilichoka sana,” alisema. “Leo niko napumuzika.”